Foreman hakuwa "aliyepigwa na Ali" tu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kwa simu na vidole vyenyewe vya fundi wa kuchomelea vyuma, herufi zikigongana mnisamehe, mtazipanga huko ofisini ndo kazi yenu.

Gazeti lenu lile lililoandika kifo cha yule bondia wa Marekani George Foreman, Machi 2025, nililipata nimechelewa tena sikulinunua. Mama mmoja anayeuza vitumbua hapa SIDO Mwanjelwa alinifungia vitumbua vitatu, nikaona picha ya mtu mwenye upara anacheka, nikalikunjua, mafuta yameshaingia nusu ya maandishi ila kichwa cha habari kinasomeka vizuri tu: aliyepigwa na Ali afariki. Nikageuza nyuma kutafuta mwendelezo, hamna. Aya nne. Tatu zinamsifia Muhammad Ali, bondia mwenzake.

Kwa hiyo mtu kaishi miaka 76, kapanda ulingoni mara 81, kashinda 76, kati ya hizo 68 kwa KO, yaani kammaliza mtu kabla raundi hazijaisha, kawa bingwa wa dunia uzito wa juu mara mbili, alafu nyie mnamtambulisha kwa asubuhi moja aliyolala chini. Mara moja mhariri. Katika mapambano 81 huyu mtu kapigwa KO mara moja tu, zile nne nyingine alizopoteza zote zilikuwa za pointi. Ningependa kujua nyie huko mngetaka mtambulishwe kwa siku gani.

Nisieleweke vibaya, Ali nampenda. Nani hampendi. Hata mwaka 1980 alipokuja Dar katumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere akakataa kumwona na sisi tukaenda zetu Moscow na Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha, picha ya Ali kwa kinyozi wetu ilibaki palepale ukutani haikuguswa. Sigombani na Ali. Nagombana na nukta mlipoiweka.

Niwaambie Foreman mi nimemjuaje. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka minane, tunakaa Iyunga, baba alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, reli ya Mchina kama tulivyokuwa tunaiita, yenyewe ilikuwa ishapita Mbeya ishavuka mpaka inachimba kwenda Zambia ila huku kazi zilikuwa bado zipo. Sasa nyumbani kwetu adui alikuwa mmoja tu duniani, fomeni, msimamizi wa vibarua. Fomeni ndo anaandika nani kachelewa, fomeni ndo anakata siku, mvua ikinyesha ni fomeni, chumvi ikiisha ni fomeni. Jioni moja mwisho wa mwezi wa kumi baba akarudi kachangamka hata viatu hajavua anamwambia mama, "Ali kampiga Foreman, kamlaza raundi ya nane." Na kambini kulikuwa na Ali kweli, dereva wa tingatinga, mtu mrefu mpole. Basi kesho yake shuleni nikatangaza kwamba Ali wa tingatinga kampiga fomeni wa reli kamlaza, habari ikatembea mpaka ikafika kwa mwalimu ambaye shemeji yake alikuwa, mnajua tena, fomeni. Nilikula fimbo mbili za uzushi. Ndo maana nasema huyu mtu kanigharimu tangu utotoni, nina haki ya kumsemea.

Baadaye sana ndo nikaja kujua habari zake, kusoma hapa na kusikiliza pale. Kazaliwa Januari 10, 1949, Marshall huko Texas, kakulia Houston mtaa unaitwa Fifth Ward, mtaa wa shida, mama analea watoto saba. Ndugu zake walikuwa wanamtania kwa jina la mtu mwingine na yeye hajui kwa nini, kumbe baba aliyemzaa si huyo mzee Foreman aliyemlea, kaja kuujua ukweli mtu mzima. Shule kaacha. Kakaba watu. Mwenyewe alisimulia kwamba kuna siku kamkaba mtu polisi wakamfuata na mbwa, akajificha chini ya nyumba kajipaka matope mwili mzima mbwa wasimnuse, na pale chini amelala ndo akajiuliza hivi mi si mwizi kabisa sasa. Mshikeni huyo mbwa, nitarudi kwake.

Kilichomtoa ni mpango wa serikali yao wa kufundisha vijana kazi, unaitwa Job Corps, kaenda kule kujifunza ufundi akakutana na kocha wa ngumi. Miaka michache tu baadaye, 1968, kachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Mexico. Akaingia ngumi za kulipwa 1969. Na hapa gazeti lenu lilipita kama basi la Tunduma linavyopita vituo vidogo. Januari 22, 1973, Kingston, Jamaica, alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Frazier huyo ndo aliyekuwa kampiga Ali 1971! Alafu Machi 1974 kaenda Caracas kampiga Ken Norton, nae raundi ya pili tu, na Norton ndo yule aliyemvunja Ali taya. Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi, watu wawili waliomshinda Ali, Foreman kawamaliza kwa jumla ya raundi nne, watu walikuwa wanamuombea Ali atoke mzima tu basi.

Haya twende Kinshasa, kule Ali alikomlaza, maana hata mi siwezi kuiruka.

Rais Mobutu anataka dunia iione Zaire, ndo Kongo ya leo, promota ni Don King, kila bondia kaahidiwa dola milioni 5. Pambano lilipangwa Septemba 25 likasogezwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, ikawa Oktoba 30. Saa kumi alfajiri ya kule ili Wamarekani waangalie usiku wao kabla hawajalala, hapa kwetu saa kumi na mbili asubuhi, baba yuko njiani anaenda kwa fomeni wake. Foreman ana miaka 25, kacheza 40 kashinda 40, 37 kwa KO. Ali ana 32.

Kilichomponza kabla hata ya kengele ni mbwa. Hii nilielezwa na dereva wa lori wa Lubumbashi, aliingia kwangu hapa mlango wa trela umekatika bawaba, nikawa namchomelea yeye kakaa kwenye ndoo anapiga stori. Mzee mtu wa makamo yangu. Nikamuuliza nyie Wakongo mbona wote mlikuwa kwa Ali, Foreman si mweusi mwenzenu tu? Akasema, "Ule alikuya na imbwa." Basi, kamaliza. Nikazima mashine nikamwambia fafanua. Ndo akanieleza kwamba Foreman alishuka kwenye ndege na mbwa mkubwa wa Kijerumani, na mbwa wa aina hiyo ndo polisi wa Mbelgiji walikuwa wanawakimbiza nao watu zama za ukoloni, wazee walivyomuona tu wakakataa palepale, kila mtaa ikawa Ali boma ye, yaani Ali muue. Nikafikiria yule kijana aliyejipaka matope kukwepa mbwa wa polisi, leo kawa tajiri kanunua mbwa wake mwenyewe, kampeleka sehemu moja duniani ambako mbwa huyo huyo ana historia mbaya. Hakuna aliyemwambia. Mtu una makocha, una wapambe, una mpaka bondia mkongwe, mzee Archie Moore, kwenye kona, hakuna hata mmoja wa kukwambia mkuu mbwa muache nyumbani.

Ngumi zenyewe mnazijua. Ali kalala kwenye kamba, kajifunika, anamwachia apige mikono na mbavu, joto na unyevu wa Kongo, kila akipigwa anamnong'oneza Foreman sikioni, ndo hizo tu? Foreman alizoea kumaliza kazi raundi ya pili ya tatu, hakuwahi kujifunza kubana pumzi. Kufika ya sita mikono imekuwa kama magunia ya mahindi. Raundi ya nane zimebaki sekunde chache Ali katoka kwenye kamba kama mtu anayetoka kwenye mlango, kushoto kulia, Foreman kazunguka kama pia inayoishiwa nguvu kaenda chini. Nukta ya gazeti lenu ni hapo.

Ila mi nataka muone asubuhi iliyofuata. Huyu mtu alilaumu kamba kwamba zililegezwa. Akalaumu refa kahesabu haraka. Akafika mpaka kulaumu maji aliyopewa anywe eti yalikuwa na dawa. Mwaka uliofuata huko Toronto kapigana na watu watano siku moja, mmoja baada ya mwingine, mnaelewa mtu akifika huko kichwani kukoje, na Ali mwenyewe kakaa pembeni ya ulingo anamzomea. Machi 1977 San Juan, Puerto Rico, kapoteza kwa pointi kwa Jimmy Young, kaingia chumba cha kubadilishia nguo akaona anakufa, mwenyewe anasema alisikia kifo kabisa, akaanza kumwita Mungu kwa sauti watu wake wakadhani kachanganyikiwa. Akaacha ngumi. Miaka 28!

Miaka kumi alikuwa mchungaji. Akanyoa nywele zote, akaanza kuhubiri kona za barabara Houston, waumini wachache, kanisa dogo, mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana, sehemu ya mtoto wa mtaani kuja kucheza na kujifunza ngumi. Na hela ya kituo ilipoanza kuisha ndo akasema anarudi ulingoni. Hii naomba mnisikilize, hakurudi kwa sababu ya mkanda, alirudi kutafuta ada. Machi 1987, ana miaka 38, ana kilo 121, tumbo liko mbele, watu wakacheka mpaka basi, na yeye akawa anacheka nao, anajitania mwenyewe kwa kula sana. Yule Foreman wa zamani alikuwa hasalimii watu jamani, ananuna, anakuangalia kama unamdai yeye. Huyu mpya anacheka kama mjomba wa harusini.

Kapiga 24 mfululizo, nyingi za watu wa kawaida, sikatai. Aprili 1991 kakutana na Evander Holyfield, mkanda wa dunia, babu ana miaka 42, akaenda raundi zote 12 na katikati ya raundi hakukaa kwenye kigoda hata mara moja, anasimama tu kwenye kona. Kashindwa kwa pointi. 1993 kashindwa tena na Tommy Morrison. Hapo mtu yeyote angesema basi imetosha mzee.

Sasa 1994. Mhariri barua hii mkiona ndefu kateni popote ila hapa msiguse.

Bingwa ni Michael Moorer, ana miaka 26, hajawahi kupoteza, anapiga kwa kushoto. Chama kimojawapo cha ngumi kikakataa kulipitisha pambano, Foreman kaenda mahakamani na kashinda. Novemba 5, Las Vegas. Kavaa bukta nyekundu, ile ile aliyoivaa Kinshasa, kaitunza miaka 20. Na kwenye kona yake kakaa nani? Angelo Dundee, kocha aliyekuwa kwenye kona ya Ali Kinshasa! Mtu aliyepanga aanguke, ndo kamuita amsaidie kusimama. Mi hapo kila nikisimulia nanyamaza kidogo.

Raundi tisa anapigwa. Anapigwa kweli, jicho limevimba, majaji wote watatu wameshampa Moorer. Raundi ya kumi babu anasogea tu polepole, anapima, anagusa na kushoto, anagusa tena, kulia ikatoka fupi tu haikuwa hata na mbwembwe, ikatua kidevuni. Moorer chali. Refa kahesabu kumi. Foreman hakurukaruka, alienda kwenye kona yake akapiga magoti. Miaka 45, bingwa wa uzito wa juu mzee kuliko wote na mpaka leo hajapatikana wa kumvuka.

Baba alikuwa bado hai, kastaafu, anakaa kwenye kigoda nje anaota jua, Mbeya hii hata Novemba jua la asubuhi watu wanaligombania. Nikaja mbio nimesikia kwenye redio, nikamwambia baba Foreman kachukua mkanda. Akakaa kimya, alafu akasema, "Fomeni karudi kazini." Akacheka mpaka akakohoa.

Mengine napita haraka. Aliacha kabisa 1997 ana miaka 48. Watoto 12, wa kiume watano wote kawaita George, alikuwa anatania kwamba mtu aliyepigwa kichwani na watu waliompiga yeye hawezi kukumbuka majina mengi. Na Ali walikuja kuwa marafiki kabisa, 1997 walipoitwa jukwaani kwenye tuzo za filamu kwa ajili ya filamu ya pambano lao, Ali tayari anatetemeka na ugonjwa wa Parkinson, aliyemshika mkono kumpandisha ngazi ni Foreman. Hiyo picha mngeiweka mhariri, ingetosha bila hata maandishi.

Alafu lile jiko. Vijana wengi wanamjua kwa lile jiko la umeme la kuchomea nyama lenye jina lake, zimeuzwa zaidi ya milioni 100, mwaka 1999 kampuni ikalinunua jina lake kwa dola milioni 137.5, hela ambayo hakuipata kwa ngumi zote alizopiga. Mi kama fundi nililiangalia lile jiko kwenye video nikaona ujanja wake ni mmoja tu, limeinama. Sehemu ya kuwekea nyama iko mteremko, mafuta yanashuka yenyewe kwenye kisahani. Nikachukua skwea paipu na bati gumu nikamtengenezea jamaa mmoja wa kitimoto, jiko la mkaa lakini wavu umelala mbele, mafuta yanatiririka kwenye mfereji badala ya kudondokea moto na kufukiza wateja. Hilo la kwanza mteremko ulizidi, nyama ikawa inateleza na yenyewe. La pili likakaa sawa. Nimeshatengeneza tisa. Kwa hiyo huyu mtu mlompa aya moja ananilisha.

Sasa kwa nini nimekasirika kiasi hiki, nisiwafiche. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 22, anaendesha bodaboda kituo cha Kabwe. Alikuwa anacheza ngumi, anajifunza kwa nguvu, asubuhi na baridi hii ya mwezi wa saba anakimbia mpaka Uyole na kurudi. Mwaka juzi kapata pambano lake la kwanza la watu kulipa kiingilio, raundi ya pili kapigwa moja ya sikioni kaenda chini. Mtu karekodi. Sekunde kumi na moja, nimezihesabu. Ikaingia kwenye magrupu, wakaweka na muziki, kufikia wiki iliyofuata pale kijiweni jina lake halipo tena, anaitwa Godoro. Abiria wenyewe wanamwita Godoro nipeleke Soweto. Alianza kulaumu viatu, mara ulingo uliteleza, mara refa, nikawa namwangalia nasema huyu namjua, huyu ni yule wa mwaka 1974. Mwisho kanyamaza, glavu kampa mtoto wa jirani.

Ndo siku naletewa vitumbua nakutana na kichwa cha habari chenu. Na nyie mmerekodi sekunde kumi na moja.

Sijamhubiria, huyo kijana, ukimhubiria anawasha pikipiki. Nilichofanya nilichukua gunia mbili nikashona moja ndani ya nyingine, nikajaza maranda ya mbao, jamaa wa mbao za Mafinga wananigawia bure, nikachomelea bomba kwenye nguzo mbili za kibanda changu nikalining'iniza kwa mnyororo. Nikasema ni la kupimia uzito wa bomba. Likakaa wiki tatu linanyeshewa, maranda yakavimba, likawa zito kama jiwe, wateja wanajigonga wanatukana.

Jumanne iliyopita kaja kuchomelea kikalio cha pikipiki. Shikamoo mjomba, marahaba, kakaa. Mi nimeinamia kazi, kioo usoni, sioni kitu zaidi ya cheche. Nikasikia puu. Moja. Nikaendelea kuchomelea kama sijasikia. Puu, puu. Nilipoinua kioo kasimama anatikisa vidole vinamuuma, anaangalia juu, ananiuliza kama ule mnyororo utabeba.

Nikamwambia huo unavuta Fuso.

Ni mimi,
Fundi wa majiko, SIDO Mwanjelwa, Mbeya